Mafundo Niliyoyakaza Makavu

Kariuki ndugu yangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, na nikikwambia mimi sijambo nitakuwa nimekudanganya. Uongo kati yetu umeshatosha. Kwa hiyo naanza moja kwa moja na kilichonikalisha hapa kitandani Al Muraqqabat, Dubai, Ijumaa mchana, wenzangu wametoka, kiyoyozi kinanguruma, nimeshika kalamu kama mtoto wa darasa la pili.

Jumanne alikuja dukani mteja mgeni, Mkenya mwenzenu, meneja wa mgahawa mmoja huko Bur Dubai. Anawapeleka wanawe ziwani Naivasha, kwenu, wakavue samaki wale wa besi. Aliposema Naivasha tu nikakukumbuka wewe. Nikamtolea mishipi, nikaanza kumweleza kama ulivyonifundisha wewe, na maneno yakawa yananitoka kwa lafudhi yako kabisa. Akanisikiliza vizuri. Kisha akacheka, akasema ameambiwa na wenzake wa kundi la wavuvi kwamba mshipi wa floro anunue kwetu, ila asikubali yule Mkenya wetu amfungie ndoana, kwa sababu mafundo yake hukatika. Akaangaza macho huku na huku, akaniuliza kama yupo leo.

Nikamjibu, "Hayupo."

Basi. Hayupo, kama vile umetoka kununua chai. Sikumwambia umekufa. Sikumwambia kwamba mafundo yale hukuyafunga wewe. Nilimpa mzigo wake, nikamtakia safari njema, akaenda zake. Nikasimama pale kaunta, nikajiona mchafu, Kariuki. Mchafu hasa.

Miezi minne tangu uondoke. Nikupe habari kwanza, maana ulikuwa unapenda habari kuliko chakula. Duka limepakwa rangi upya, kijani ya kuchosha macho, bosi wetu, arbab, anaipenda yeye peke yake. Kale kabati ka mishipi tulikokasogeza mbali na dirisha, wewe na mimi, tukitokwa jasho, wamekarudisha dirishani ili wapita njia waone rangi za maboksi. Nililalamika. Nikasema mshipi hauwekwi juani. Wakaniambia yalla, fanya kazi. Kila asubuhi nafunika na kipande cha kadibodi, kila mchana mtu anakiondoa. Wateja wengine siku hizi wanaagiza mtandaoni, wanakuja kwetu kuuliza tu namna ya kutumia, eti ushauri ni bure. Wewe ungewapa ushauri wa saa nzima na bado ungewasindikiza mlangoni. Mimi nakunja uso.

Unakumbuka nilivyofika pale? Mimi mtu wa Singida, samaki wangu wote niliwajua wakiwa wamekaushwa. Kafeel, mdhamini wa viza yangu, alinileta kama muuzaji wa duka, sikuambiwa duka la nini. Siku ya kwanza ulinipa spuli mbili za mshipi mweupe, ukaniambia nichague. Nikachagua ya bei rahisi kwa sababu kwangu zote zilikuwa uzi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachukua glasi ya maji, ukakata vipande viwili vifupi, ukavizamisha kwa kidole. Kimoja kikabaki kinaelea katikati kama hakijui kiende wapi. Kingine kikashuka moja kwa moja hadi chini, na kilipofika chini ikabidi niinamishe kichwa ili nikione. Ukaniambia hicho kilichozama na kupotea ndicho floro, florokaboni halisi, na kile kingine ni nailoni iliyopakwa tu floro juu ili ibebe jina. Maandishi ya boksini yanadanganya, maji hayadanganyi, ndivyo ulivyosema, na tangu siku hiyo sijauza boksi geni bila kulipitisha kwenye glasi.

Ulikuwa na mdomo, Kariuki. Yaani mshipi mmoja ungeweza kuusemea mpaka arbab mwenyewe akaacha simu yake na kusikiliza. Usimuulize mteja anataka kuvua samaki gani, ulikuwa ukiniambia, kila mtu atakwambia mkubwa. Muulize maji yake yakoje. Yakiwa maangavu na wazi, mpe mwembamba, wa nguvu ya paundi nane, besi hatauona. Kama ni kwenu Naivasha, kwenye mizizi ya mafunjo na visiki vilivyozama, mpe paundi kumi na tano, kwa sababu besi akishashika chambo kazi yake ya kwanza ni kukimbilia kwenye takataka ausugue mshipi. Akitaka kutumia chambo cha kuelea juu ya maji, mnyime floro kabisa hata kama anazo pesa mkononi, kwa sababu unazama na utamvutia chambo chake chini. Hilo la kumnyima mteja arbab hakulipenda hata siku moja.

Halafu ile habari yako ya vidole. Kila akishapata samaki mmoja, mvuvi apitishe vidole kwenye mshipi taratibu kuanzia ndoanani, urefu wa mkono mzima, na akihisi hata mkwaruzo mdogo akate, afunge upya. Wengi wanaona uvivu. Ulikuwa unawafundisha pale kaunta wakiwa wamefumba macho, watu wazima wa heshima, ma-sir na suti zao, wanapapasa uzi macho yamefumbwa kama wanacheza kibe. Mimi nikawa najificha nyuma ya rafu nisionekane ninavyocheka.

Lakini la mafundo ndilo lililokuwa dini yako. Floro ni mgumu, ulisema, haunywi maji kama nailoni, kwa hiyo ukiukaza mkavu unajisugua wenyewe kwa wenyewe, unapata moto, unaungua pale pale kwenye fundo. Kwa macho fundo ni zuri. Likivutwa na samaki linakatika kama tambi. Lazima ulilowanishe, ulivute polepole, ulikague, na ukiona mshipi umejikunja au umekuwa mweupe karibu na fundo, ukate bila kujionea huruma. "Weka mate kwanza, Mwaju," ndio wimbo wako wa kutwa. "Hii laini haitaki haraka." Wewe mshipi uliuita laini.

Sasa mimi na mate yangu. Mwaka wa kwanza Ramadhani ilipoingia nilikwambia sitaweka mshipi mdomoni nikiwa nimefunga. Najua kuna watakaosema haibatilishi swaumu, mate ni yako na huyamezi na kitu. Lakini bibi yangu alinilea hivyo, mchana wa Ramadhani mdomo haupokei kitu, na mimi kwa bibi sina ubishi. Hukunicheka. Mkristo wewe, mtu wa kanisa kila Ijumaa, ulivuta kiti chako karibu na changu ukaniambia nikunje fundo mimi, kulowanisha na kukaza ni kazi yako. Ikawa ndiyo desturi yetu. Nakunja, nakupa, unaingia nyuma ya pazia ili usionekane na waliofunga, unatia mate, unakaza, unanirudishia. Glasi yetu ya maji arbab alikuwa anaiondoa kaunta mwezi mzima kwa heshima ya mfungo, kwa hiyo asiyetaka kutumia mate alilazimika kwenda bombani, kule stoo. Si mbali. Hatua kumi, kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi sana tangu siku ile.

Siku ile hukuwepo, Ramadhani hii iliyopita. Ulikuwa umepewa ruhusa ya kwenda kupima afya kwa ajili ya viza. Joto la mwezi wa sita unalijua. Saa tisa alasiri, mdomo umenikauka hata mate yenyewe hayapo, kichwa kinaniuma, na anaingia yule sir, yule Mzungu mrefu mpole uliyekuwa umemsimulia Naivasha mwaka mzima mpaka akakata tiketi. Anampeleka baba yake. Mzee alikuwa na miaka themanini na kitu, macho hayaoni vizuri, mikono inatetemeka, ndoto yake avue besi mkubwa mara moja kabla hajaacha kusafiri. Wewe ndiye uliyempangia kila kitu. Mashua ya shemeji yako. Mahali pa kusimama karibu na mafunjo. Na kwa sababu mzee hawezi kufunga, na sir mwenyewe mafundo yake ni ya viatu, ulimwahidi tutampa vipande dazeni vilivyofungwa ndoana tayari, paundi kumi na tano, achomeke tu. Ulikuwa ufunge wewe kesho yake. Sir akasema kesho hawezi, ndege ni usiku ule, teksi inamsubiri nje.

Ningeweza kwenda bombani. Hilo ndilo ninalotaka kulisema wazi, nisijifiche nyuma ya swaumu, maana swaumu haikuwa na kosa. Ningeweza kubeba kikombe cha maji, nikalowanisha kwa vidole, nisingevunja chochote. Lakini nilikuwa nimechoka, sir amesimama mbele yangu anaangalia saa, dereva anapiga honi, nami nikajiambia mafundo dazeni tu, mbona hata hayaonekani. Nikayakaza makavu. Yote. Kufika la nne niliona mshipi umejikunja pale juu ya ndoana, umepauka. Nikaliona kwa macho yangu haya. Nikaupinda kidogo kwa kucha ukanyooka, nikatia kwenye mfuko na mengine.

Kesho yake uliniuliza nani alimfungia sir. Nikakwambia mimi. Ukaniuliza kama nililowanisha. Nikasema ndiyo. Uliniangalia kidogo, ukaendelea na kazi.

Baada ya Idi alirudi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele. Aliweka mfuko mdogo juu ya kaunta mbele ya arbab, na ndani yake vipande vya mshipi visivyo na ndoana. Akaeleza kwamba siku ya pili baba yake alimshika besi mkubwa kweli, wamemwona akiruka juu ya maji, mzee analia kwa furaha, na mshipi ukakatika kwenye fundo. Wakabadilisha kipande, ukakatika tena na samaki mwingine. Cha tatu vile vile. Watu wa mashua zote wakajua. Mzee akaweka fimbo ya kuvulia chini, akasema inatosha, hakutaka tena. Sir alisema alivimaliza vyote kuvivuta kwa mkono ufukoni, kimoja kimoja, na vilikatika vyote.

Wewe ulivichukua vile vipande. Ukavitazama kwenye mwanga. Nilikuona ukipitisha kidole kwenye ncha, zile ncha zilizopauka, na nikajua umejua. Mtu mwenye macho yako hakuhitaji kuuliza. Arbab akasema, kwa sauti ile yake ya chini, nani alifunga hivi. Mimi nilinywea. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, Kariuki, ulikuwa mzima. Wiki ile viza yangu ilikuwa inasubiri sahihi ya arbab, na alishanipa onyo moja kwa ajili ya rili, vile vigurudumu vya kuvulia, nilizozijaza mshipi hadi pomoni ukamwagikia mteja mkononi. Nilikuwa najua neno moja linatosha kunirudisha Singida.

Ukasema, "Ni mimi nilifunga, arbab."

Na mimi nikanyamaza. Sir alikutazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka, kwa sababu alikuwa anakupenda. Akakwambia alidhani unajua kazi yako. Ukasema pole, sir, mwambie mzee pole yangu. Akatoka. Arbab akakutoa kaunta siku hiyo hiyo, akakupeleka bohari la Jebel Ali, ukapange maboksi ya risasi za kuzamishia na majokofu ya plastiki.

Jioni ile nilikufuata kituo cha basi. Nilikuwa nalia, nikakuuliza kwa nini. Uliniambia mkataba wako umebaki na mwaka mmoja tu, bohari haliui mtu, na mimi nina wadogo zangu wanne wanasoma. Ukaongeza kwa utani kwamba sasa utakaa Discovery Gardens, mtaa wenye jina la bustani, utakuwa na mti mmoja wa kuangalia dirishani. Nikacheka huku nalia. Kisha ukaniambia, polepole, kwamba siku nikitulia nimwambie mwenyewe. Hukusema nani. Nilijua nani. Nikasema inshallah, nitamwambia. Nilisema inshallah ile ya watu wasiotaka kufanya kitu.

Wala sikumwambia. Viza ikatiwa sahihi, nikasema nitangoja mwezi upite. Mwezi ukapita, nikasema arbab ana hasira za mizigo iliyochelewa. Wewe ulikuwa unanitumia sauti kwa simu kutoka bohari, unaniuliza aina mpya zimeingia, unaniambia nizijaribu kwenye glasi, na mara mbili ukaniuliza tu, bila kisirani, "Mwaju, umeshaongea na yule sir?" Mara ya kwanza nikasema bado. Mara ya pili sikujibu ile sauti. Nikajifanya sikuisikia. Mpaka leo ina alama kwamba niliisikiliza, na wewe uliiona ile alama.

Kumbe kule kwenu maneno yalikuwa yameshafika. Sikufikiria hilo. Wallahi sikulifikiria. Kwangu lilikuwa jambo la kaunta. Sikuona kwamba wewe hukuwa na mpango wa kuuza mishipi Dubai milele, kwamba mashua ile ya shemeji nusu yake ulikuwa umeshainunua, kwamba ulikuwa unarudi kuwabeba hao hao ma-sir na familia zao waliokujua hapa, na kwamba kitu pekee ulichokuwa unarudi nacho ni jina. Kariuki anajua besi, Kariuki anajua laini. Na ufukoni Naivasha tayari wanasema mafundo ya Kariuki yalimliza mzee wa watu.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Ulianguka kwenye foleni ya basi la kanisa, asubuhi, umevaa shati lako la mistari. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ungeweza kukupata popote, hata ungekuwa kaunta kwenye baridi. Nimelishika neno hilo kwa mikono miwili. Halinisaidii. Bohari lile lina joto na maboksi ya risasi ni mazito, na mimi ndiye niliyekupeleka huko. Sijui kama ndiyo sababu. Hakuna atakayeniambia, na nimeacha kuuliza.

Niliongea na mkeo siku mwili uliposafirishwa. Tangu hapo kila Jumapili nampigia huyo Mama Wambui wako kumpa pole, namuuliza watoto, ananiuliza kazi. Mwanamke mpole, anaongea taratibu, mara nyingine ananyamaza katikati ya maneno kama anasubiri kitu. Nilidhani ni majonzi.

Sasa nikwambie ya wiki hii. Baada ya yule meneja wa mgahawa sikulala vizuri, nikaamka Jumatano nikajikaza kisabuni, nikaingia ofisini kwa arbab kabla hajavua miwani. Nikamwambia yote. Bomba, teksi, fundo la nne. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Khalas, yamekwisha, Mwajuma. Ameshakufa." Nikamwambia wateja bado wanakuja na jina lake mdomoni, Jumanne hii tu amekuja mmoja. Akavua miwani, akaniuliza kwa nini wewe ulikubali. Hajaniambia kama mkataba wangu utaendelea. Aliniambia tu kwamba sir nimpigie mwenyewe, hiyo kazi hatanifanyia.

Nikampigia. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Aliniuliza swali moja tu, kama ulijua ni mimi. Nikasema ulijua tangu ulipoviona vile vipande. Akasema kwamba amewaambia watu wengi, wengi sana, kuwa ni wewe. Akakata. Alasiri yake yule meneja wa mgahawa alinitumia picha ya maneno ambayo sir ameyaandika kwenye kundi lao la wavuvi. Ameandika jina lako lote. Ameandika kwamba alikosea, kwamba mafundo hayakuwa yako, na kwamba atakayekwenda Naivasha atafute mashua ya familia yako. Langu hakuliandika. Ningependa aliandike.

Jana nikampigia mkeo. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo alishtuka, akauliza kama kuna ubaya. Nikamwambia upo, na ni wangu. Nikaanza kueleza nikakwama, nikaanza tena, mambo ya mate na swaumu na glasi ya maji, nikajisikia mjinga, mtu gani huyu anamweleza mjane habari za glasi ya maji. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikangoja alie au anitukane.

Akasema, "Mimi nilijua, Mwajuma. Aliniambia wiki ile ile."

Akanieleza kwamba maneno yalipoenea ufukoni alikupigia simu kwa hasira kukuuliza imekuwaje, na ukamwambia ukweli wote, ukamkataza asiniguse. Ulimwambia, "Mwache. Atasema mwenyewe." Na alipokuuliza lini, ulimwambia kila mara kwamba ni wiki hii. Miezi minne ulimwambia wiki hii. Baada ya kukuzika akaanza kungoja yeye. Kila Jumapili niliyompigia kumpa pole alikuwa anajua, amekaa na simu sikioni, ananipa nafasi, na mimi naikata simu nikijiona mtu mwema.

Kariuki, nilikaa chini kwenye ngazi za jengo. Ningeweza kuvumilia angenilaani. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ulikufa ukinionea huruma, au ukinidharau, na vyote viwili nilikuwa nimeshavipokea. Sikujua kwamba uliniamini. Ulikuwa unamwambia mkeo wiki hii, na ile sauti yako ya pili iko kwenye simu yangu, nimeisikiliza, sijaijibu.

Mwisho Mama Wambui alisema anachotaka. Habari ya msamaha, akasema, tutaongea tukionana. Maneno ya kundi la simu, akasema, ni ya watu wa Dubai, wa ufukoni hawayasomi. Wao walimwona yule mzee akilia kwa macho yao, na wanataka kumwona mtu aliyefunga. Nikamwambia nitakuja. Akauliza lini.

Sikusema inshallah. Likizo yangu ni mwezi wa sita, na arbab akinifukuza kabla ya hapo nitakwenda mapema zaidi. Nitafika Naivasha asubuhi, wakati mashua hazijatoka, na nitasimama mbele ya shemeji yako na wenzake, niseme jina langu, niseme nilichofanya, waniulize watakacho. Watoto wako watakuwepo, nimemwomba mkeo wawepo. Baada ya hapo nitakuja kaburini, na sitakuwa na la kukueleza, kwa sababu litakuwa limeshasemwa mahali pake.

Pumzika, ndugu yangu. Usimwambie mtu tena ni wiki hii. Tarehe nimeshampa mkeo, na ameiandika.

Mwajuma